Mwaka Chiriku Lilipoota Mfuko

Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa cha mteja wake wa kwanza, Jumamosi asubuhi, na mashine inaelekea upande wa kulia, mkewe alipochungulia dirishani akamwambia kwamba gari limeanza. Kinyozi akazima mashine. Akamkung'uta mteja nywele za shingoni, na wote wawili wakatoka uani kuangalia, mteja na kichwa chake nusu kwa nusu.

Gari lilikuwa chini ya bati, mahali linapolala kila siku. Taa zake za mbele zilikuwa zimedondoka na kulala kwenye saruji, nzima, bila ufa, kama meno ya utotoni. Mahali pake palikuwa pameota taa nyingine nyembamba, zilizochongoka pembeni kama macho ya mtu aliyepaka wanja. Bado zilikuwa na utando wa majimaji, na mama mkwe wa Kinyozi alikuwa ameinama anaufuta kwa kitambaa laini. Uso wa gari, ambao mpaka jana ulikuwa na pau tatu pana, sasa ulikuwa na vijipau vingi vidogo kama wavu wa dirisha.

"Mwaka huu wamejitahidi," mteja alisema, akipapasa upande ulionyolewa.

Gari lenyewe lilikuwa Chiriku, dogo, la milango minne, lenye buti nyuma, gari jipya ambalo mtu aliweza kulinunua bila kuuza nyumba. Lilitoka kwa matoleo matatu, na hili lilikuwa la toleo la chini kabisa. Kila mwaka, Jumamosi kama hiyo, kampuni ilizindua Chiriku la mwaka mpya, alasiri, shorumu, mbele ya watu. Na kila mwaka, asubuhi ya siku hiyo, gari la Kinyozi na mkewe liliamka likiwa limeshabadilika. Kilichokuwa kinafichwa na pazia kule shorumu, mtaani kilijulikana kabla ya chai. Ndiyo maana siku hiyo watu walipita mmoja mmoja na mswaki mdomoni, wakasimama uani, wakatazama, wakakimbia kwenda kuwaambia wengine.

Mara ya kwanza lilipofanya hivyo, kampuni ilimtuma mtaalamu. Mtaalamu alipima, akagongagonga, akanusa, akanywa chai, akasema hakuna kilichobandikwa, vyote vimeota. Ofisi kuu ikataka wenye gari walipe tofauti kati ya bei ya zamani na bei mpya, lakini mwanasheria wao wenyewe akawaambia kwamba mtu hatozwi kwa nywele zilizoota kichwani mwake. Ofisi kuu ikaona isiwe taabu. Ikalipiga gari picha, ikaitundika kwenye mabango barabarani: Chiriku, linakua nawe. Kisha ikaongeza bei kidogo, maana jambo hilo nalo lilikuwa na thamani yake.

Bei ya Chiriku haikuwa ya kuruka. Ilipanda kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi kwanza, na kila mara iliishia kwenye tisa nyingi. Kinyozi alisema tisa zile ni kama poda anayompaka mteja baada ya kunyoa. Haziponyi mchubuko, ila mtu anatoka akijisikia msafi. Hata yeye alizipenda. Mtu akiisikia bei mpya alisema afadhali, kabla hata hajailinganisha na ya mwaka jana.

Mke wa Kinyozi alikuwa mwalimu wa udereva, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, akiwemo mama yake mzazi. Chiriku lilikuwa darasa lake. Mwanafunzi alikaa kwenye usukani, yeye akakaa kiti cha abiria, miguu yake juu ya breki ya pili ambayo fundi wa mtaani alimwekea. Watu waliojaribu kueleza kwa nini gari hilo tu ndilo linalojigeuza walisema ni kwa sababu linafundisha, na anayefundisha hana budi kujisoma upya kila mwaka. Maelezo hayo yaliwatosha.

Asubuhi ile, watu walipokuwa wamezingira uso wa gari wakibishana kama taa zile zinapendeza zaidi zikiwashwa au zikizimwa, Mwalimu alifungua mlango wa upande wake. Skrini iliyokuwa ukubwa wa kiganja sasa ilikuwa ukubwa wa daftari. Palikuwa na tundu jipya la kuwekea kikombe. Na juu ya dashibodi, mbele ya kiti chake, palikuwa na uvimbe mdogo kama limau. Aliubonyeza kwa kidole. Ulikuwa laini, na una vuguvugu. Alifunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto.

Alijua ni nini. Toleo la chini la Chiriku lilikuwa na mfuko wa hewa mmoja tu, ule unaojaa ghafla gari linapogonga, ndani ya usukani, kwa ajili ya dereva. Mfuko wa abiria ulikuwa unapatikana kwenye Toleo Kamili, pamoja na viti vya ngozi na rangi ya dhahabu. Mwaka uliofuata baada ya Mwalimu kununua gari lake, dada yake mkubwa alikuwa amekaa kiti cha abiria ndani ya Chiriku jingine la toleo hilohilo, mumewe akiendesha, wakitoka kumtazama mgonjwa. Basi dogo lilihama upande wake wa barabara. Mume alishuka na unga mweupe wa mfuko usoni, bila hata mkwaruzo. Dada hakushuka.

Huyo mume, ambaye familia nzima ilimwita Shemeji, ndiye aliyekuwa muuzaji mkuu wa shorumu. Baada ya msiba alirudi kazini, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Na tangu hapo, kila uzinduzi, alipofika mahali pa kueleza matoleo, Mwalimu aliinua mkono na kuuliza kama mfuko wa abiria umefika kwenye toleo la chini. Shemeji alimjibu, kwa heshima ileile anayompa mteja yeyote, kwamba uko kwenye Toleo Kamili. Kisha Jumamosi hiyohiyo jioni alikwenda kula kwao.

Alasiri shorumu ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Palikuwa na muziki, palikuwa na sharubati ya bure, na pazia jekundu lililofunika kitu ambacho kila mtu wa mtaa wa Kinyozi alikijua mpaka vijipau. Hilo halikumpunguzia mtu hamu. Kujua ni jambo moja na kuona pazia likianguka ni jambo jingine. Lilipoanguka, watu walipiga kelele kama mashabiki wa mpira, na wale wa mtaani walipiga zaidi, kwa sababu waliona ni kama gari lao limefunga goli.

Shemeji alikuwa hodari wa kazi yake. Alishika kipaza sauti kama mtu anayesimulia habari za harusi ya binti yake. Alisifu macho mapya ya Chiriku, akasifu skrini, akasifu tundu la kikombe mpaka watu wasio na gari wakahisi kiu. Kisha akafika kwenye matoleo, akanyamaza mahali anaponyamaza kila mwaka, akamtazama Mwalimu.

Mwalimu hakuinua mkono. Alikuwa amekumbatia mkoba wake mapajani na anatazama mbele.

Shemeji akangoja. Watu wakaanza kugeuka. Mwishowe akajibu tu, kama vile ameulizwa, kwamba mfuko wa hewa wa abiria uko kwenye Toleo Kamili. Kisha akataja bei. Ilikuwa imepanda kwa adabu. Watu wakasema afadhali, wakapiga makofi.

Jioni Shemeji alikuja na mkate chini ya kwapa, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mama mkwe wao, yeye na Kinyozi. Mama alimpenda mkwe huyo. Alikuwa amemwambia siku ya mazishi kwamba binti ameondoka lakini ukwe haujaondoka, na hajawahi kulirudia neno hilo, wala kulivunja. Kabla chakula hakijatengwa Shemeji akaomba kuliona gari, kama kila mwaka. Mwalimu akamfuata uani. Akamfungulia mlango wa abiria.

Uvimbe ulikuwa umefikia chungwa. Shemeji aliutazama bila kuugusa.

"Huu haumo," alisema.

"Haumo wapi?"

"Kwenye toleo lenu."

"Gari halijui toleo, shemeji."

"Ofisi inajua."

Mwalimu akafunga mlango. Alimwambia kama ni lazima awaeleze ofisini, awaeleze. Yeye hatamwekea kinyongo mtu kwa kufanya kazi yake. Kisha akamwambia aingie ndani, chakula kinapoa. Shemeji aliingia, akala vizuri, akamsimulia Mama jinsi pazia lilivyotaka kunasa, na Mama akacheka mpaka akafuta machozi.

Katika majuma yaliyofuata mtaa ulikuwa na jambo la kuamkia. Mfuko ulikua bila haraka. Watu waliokwenda kunyolewa walipitia uani kwanza, wakaubonyeza kwa kidole gumba kama wanavyobonyeza parachichi sokoni, wakaingia ndani na kumpa Kinyozi taarifa, ingawa kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuubonyeza. Mama alikataza watu wenye kucha ndefu. Adhuhuri, jua lilipopenya chini ya bati, aliufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Wanafunzi waliongezeka. Watu ambao hawakuwa na gari wala matumaini ya gari walijiandikisha kujifunza, ilimradi wakae saa moja karibu na kitu kile. Wengi walikuwa na mtu wao waliyemkumbuka kila walipokiona kiti cha abiria, ingawa hawakusema.

Ulipokaribia ukubwa wa tikiti maji, ngozi yake ilibadilika ikawa na rangi ileile ya dashibodi, na mshono mwembamba ukajitokeza katikati. Kinyozi alisema umekomaa. Alipoulizwa amejuaje, alisema kila kinachoota kina dalili za kukomaa, na kazi yake ni vinavyoota.

Mwanafunzi wa siku ile alikuwa Mfamasia wa duka la kona, mtu makini aliyeanguka mtihani mara kadhaa kwa sababu alisimama hata palipokuwa hapana haja. Siku hiyo aliendesha vizuri kuliko siku zote, na Mwalimu alikuwa anamsifu, lori la kokoto lilipotoka uchochoroni bila kuangalia. Mfamasia alikanyaga breki, Mwalimu akakanyaga ya kwake. Chiriku liliserereka, likapiga ubavu wa lori kwa upande wa abiria.

Mwalimu alisikia kishindo kama cha mtu mwenye hasira anayebamiza mlango. Kisha uso wake ulikuwa ndani ya kitu kikubwa, laini, chenye joto na harufu ya viatu vipya, na hakuona kitu. Kilipopumua na kulegea aliona kioo cha mbele kimekuwa utando wa buibui. Alimgeukia Mfamasia, ambaye na yeye alikuwa anatoka kwenye mfuko wake na unga kwenye nyusi, akamwambia breki ameshika kwa wakati, ila kioo cha pembeni hakukitazama. Alifungua mlango, akashuka, akatembea mpaka ukingo wa barabara. Akakaa chini, akapapasa uso wake mwenyewe, pua, kidevu, paji, kama mtu anayekagua mali iliyorudishwa.

Alichokifikiria kilikuwa kifupi. Kwamba dada yake naye angekaa hivi, ukingoni, na unga usoni, akilalamika kuhusu nywele zake.

Nyumbani, Mama alimshika kichwa, akamshika mabega, akamshika mikono hadi vidole. Akaenda uani, akalipiga gari makofi mawili ya taratibu kwenye bodi, akarudi kupika. Mfuko uliotumika ulikuwa umedondoka wenyewe njiani. Kabla hata kioo hakijabadilishwa, limau jingine lilikuwa limeshachomoza mahali pake.

Habari ilienea kabla ya giza, na haikuenea peke yake. Kesho yake Chiriku la jirani mwenye duka la mabomba lilikuwa na uvimbe. Kisha la mpiga picha. Kisha mitaa ya pili, na ya tatu, mpaka ikawa hakuna Chiriku la toleo la chini mjini lisilochipua. Watu waliamshana. Wanaume walitoka na taulo kiunoni kuangalia dashibodi, wake zao wakashangilia madirishani, na barabarani madereva walipigiana honi na kuoneshana kwa ngumi ukubwa wa mifuko yao. Mwuza mabomba, ambaye kwa kawaida hakumpa mtu hata msumari, aligawa soda.

Ofisi kuu ilipokea simu nyingi siku hizo, na zilizoisumbua zaidi zilitoka kwa wenye Toleo Kamili. Mama mmoja mwenye Chiriku la rangi ya dhahabu alifika shorumu mwenyewe. Alimweleza Shemeji, bila kupandisha sauti, kwamba yeye alilipa zaidi ili awe salama. Sasa kama kila mtu yuko salama, yeye amelipia nini? Shemeji alimpa maji ya kunywa. Kisha akalipeleka swali juu, ofisi kuu.

Jibu lilirudi upesi. Ofisi kuu ilitangaza kwamba inafurahia sana uhai wa Chiriku. Hata hivyo, kwa ajili ya haki kati ya wateja, kila mfuko ulioota nje ya toleo lake utakatwa na fundi wa kampuni, bure, ukishakomaa. Ukikatwa ukiwa bado mchanga unaharibu dashibodi. Mwenye gari atakayekataa asitegemee kipuri wala matengenezo popote. Watu walisoma, wakaguna. Gari lisilo na kipuri ni banda la kuku, kila mtu alilijua hilo. Walikuwa wamezoea pia kwamba kitu kizuri kikija bure, nyuma yake hufuata mtu.

Walianza kwa Mwalimu, kwa kuwa ndiko kulikoanzia. Shemeji alifika na Fundi asubuhi ya siku ya kazi. Fundi alikuwa kijana mpole mwenye mkasi mrefu wa kukatia ua, umenolewa vizuri. Akaomba radhi kwa Mama, akaomba maji ya kusuuza mkasi, akasimama kando kusubiri amri.

Shemeji hakutoa amri. Alifungua mlango wa abiria, akainama, akaingia, akakaa. Tangu ajali ile hakuna aliyewahi kumwona kwenye kiti cha upande huo, katika gari lolote. Mfuko ulikuwa mbele yake, umekomaa, na mshono wake. Aliweka mikono yake miwili juu yake. Kinyozi aliona kupitia dirisha la kibanda chake cha kunyolea, akazima mashine.

Mwalimu akazunguka, akaingia upande wa usukani. Wakakaa kama mwalimu na mwanafunzi waliobadilishana viti.

"Wako ulifunguka haraka?" Shemeji aliuliza.

"Kabla sijapata kupiga kelele."

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama mbele, ukutani.

"Mimi niliusikia wangu," alisema. "Kishindo kile. Nikadhani ni yeye amebamiza mlango, ameshuka. Nikamwita nje ya gari."

Mwalimu hakumshika mkono, kwa kuwa hawakuwa watu wa kushikana mikono. Alirekebisha kioo cha ndani ambacho kilikuwa hakihitaji kurekebishwa, kikamwonesha uso wa Shemeji badala ya barabara, akakiacha hivyo.

"Nikikataa mimi," Shemeji akasema, "watamleta mwingine."

"Najua. Na huyo mwingine hatavua viatu mlangoni."

Shemeji akashuka, akavuta koti lake likanyooka, akamwambia Fundi aendelee.

Fundi alipoingiza mkasi, Kinyozi alitoka kibandani na taulo begani. Alimwambia, kama fundi anavyomwambia fundi mwenzake, asikate kwenye shina. Akate juu kidogo ya shina. Kinachokatwa kwenye shina huota kwa kinyongo, kinatoka kimepinda. Kinachokatwa juu huota upesi na vizuri. Fundi alifikiri, akaona ni maneno ya mtu anayejua, akakata juu. Mfuko ulitoka na sauti ndogo kama ya kizibo cha chupa. Shemeji alikuwa amegeukia ukuta. Mama akamwita aje anywe chai, akaenda akanywa, vikombe viwili, na sukari ya kutosha.

Ushauri wa Kinyozi ulifuatwa mji mzima, kwa kuwa Fundi aliufikisha kwa wenzake kama elimu mpya. Mifuko iliota upesi na vizuri. Ikaota yote kwa pamoja, ikakomaa yote kwa pamoja, na kampuni ikapanga mkato wake kufuatana na hilo. Watu nao wakapanga maisha yao. Kuanzia siku mifuko ilipofunga mshono mpaka siku mafundi walipofika, mji ulisafiri. Zilikuwa siku za furaha kupita kiasi. Wajawazito walipelekwa kliniki, wazee wakapelekwa kuona ndugu waliokuwa wamewaaga kabisa, wapatanishi waliwapandisha mbele watu waliogombana na kuwazungusha mpaka wapatane. Wachumba walichagua tarehe humo. Mtu aliyekuwa na safari ya mbali aliambiwa asubiri, mfuko bado. Barabara zilijaa Chiriku, honi mchana kutwa, na kwenye kila kiti cha mbele mtu amekaa ameegemea, mguu juu ya mguu, anatazama nje kama mwenye nchi.

Kisha mafundi walikata, na watu wakarudi kukaa kama walivyokuwa wanakaa, mkono mmoja umeshika kishikizo cha mlango. Waliokufa katika majuma ya mkato walizikwa, na watu walisema bahati mbaya, ingekuwa wiki iliyopita.

Mwaka ulizunguka. Asubuhi ya uzinduzi Chiriku la Mwalimu liliamka na magurudumu mapya yenye umbo la nyota na taa za nyuma zilizoungana toka pembe hadi pembe, na uani palikuwa hapatoshi. Alasiri Shemeji alipanda jukwaani. Mvi zilikuwa zimemwingia juu ya masikio, na zilimfaa. Pazia likaanguka, na mwaka huo kulikuwa na rangi mpya, kijani cha majani ya mvua ya kwanza, kijani ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwenye chuma. Watu walisimama juu ya viti.

Aliwaeleza magurudumu. Aliwaeleza taa. Akawaeleza kwamba kuanzia mwaka huu kila Chiriku la toleo la chini litakuja na huduma ya kukatwa mfuko mwaka mzima, na kwamba mteja hatasumbuliwa na malipo yoyote ya pembeni, kwa sababu gharama ya kukata imekwisha kuingizwa ndani ya bei. Kisha akaitaja bei. Ilikuwa imepanda, na iliishia kwenye tisa.

"Afadhali," mwuza mabomba alisema, na akaingia foleni ya kuagiza la kijani. Foleni ilifika nje hadi kwenye taa za barabarani. Mfamasia, ambaye hatimaye alikuwa amefaulu mtihani, aliingia pia, na akampungia Mwalimu mkono kwa fahari. Mwalimu alimpungia. Alikiri kwa mumewe, wakirudi, kwamba kijani kile ni kizuri kweli.

Jumatatu yake ilikuwa siku ya mkato. Magari yalikuwa mengi sana kuzungukiwa majumbani, hivyo yaliagizwa kwenye uwanja nyuma ya shorumu, na watu walifika mapema kupata nafasi nzuri, wengine na viti vya kukunja na chupa za chai. Walikuwa bado wanazungumza kuhusu kijani. Mwalimu alikuja na gari lake akiwa na mwanafunzi mpya, kwa kuwa foleni ni mahali pazuri pa kujifunza klachi.

Mbele kabisa ya foleni palikuwa na Chiriku la kazini la Shemeji, la toleo la chini. Hakuna aliyejua kwamba nalo lilichipua. Hakuwahi kumpandisha mtu kiti cha mbele, na dirisha la upande huo hakulifungua. Alikuwa ameliweka la kwanza asije akaambiwa anajipendelea. Alipofungua mlango, Fundi alirudi hatua moja apime kwa macho. Mfuko ulikuwa mkubwa kuliko yote aliyokwisha kukata, umejaa vizuri, mshono umenyooka, ngozi yake haina alama hata moja.

Fundi alimwuliza kama akate juu ya shina. Shemeji alisema ndiyo, juu. Fundi akakata, akauchukua kwa mikono miwili, akaurusha kwenye lori la kubebea mifuko, Shemeji akaondoa gari lake, na foleni ikasogea.